Maswali ya Wasomaji: Sensa ya Waja Leo, Waondoka Leo

Mwezi huu safu imejaa Tanga. Barua zilizochaguliwa zinagusa jambo moja: kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaambiwaje kuna kifaa gani kwenye bodi, na umeme wa kifaa hicho ushikweje. Amri na majina ya faili tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye mashine, maana herufi moja ikikosewa hakuna kinachowaka.

Salaam mafundi. Nina bodi ndogo ya Linux kwenye chumba cha barafu karibu na soko la samaki la Deep Sea. Inapima joto na unyevu kwa sensa (kihisi) ya BME280. Ikiwaka inasoma vizuri, lakini baada ya kama nusu dakika sensa inakufa na dmesg (daftari la ujumbe wa kerneli) inajaa makosa ya I2C, yaani ya nyaya ambazo bodi huongea na sensa. Nimebadili sensa mara mbili, waya nimechomea upya. Ni chumvi ya bahari?
*Msomaji, Chumbageni*

Chumvi tungeilaumu kama sensa ingekufa leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa isife kabisa. Kinachokufa kwa muda uleule kila mara kinazimwa na programu. Na hiyo nusu dakika ina mwenyewe: kerneli ikishamaliza kuwaka husubiri sekunde 30, kisha hupitia regyuleta zote, yaani vile vidude vinavyotoa na kukata volti kwenye bodi. Iliyowashwa lakini haikuombwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) yoyote huikata, ili umeme usipotee bure. Thibitisha hivi:

    dmesg | grep -iE 'disabling|dummy'

Utakuta mistari miwili inayoelezana. Wa kwanza, mapema kabisa, unasema `supply vddd not found, using dummy regulator`. Hapo draiva ya sensa iliuliza umeme wake unatoka wapi, mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya bodi ambayo kerneli huyasoma ikiwaka) ukakaa kimya, kerneli ikaipa regyuleta ya bandia ili kazi isisimame. Wa pili unakuja baada ya sekunde 30 hivi: jina la regyuleta, halafu `disabling`. Sensa yako ilikuwa inakula umeme ambao haukuandikwa popote kuwa ni wake. Waja leo, waondoka leo, kama Tanga yenyewe inavyosemwa.

Dawa ni kuandika ukweli wa waya kwenye mti wa vifaa, katika faili la .dts la bodi yako. Tuchukulie umeme wa sensa ni volti 3.3 na unawashwa na pini ya 7 ya gpio1, kundi la pini ambazo programu huziwasha na kuzizima. Soma mchoro wa bodi upate namba zako mwenyewe:

    vcc_sensa: regulator-sensa {
        compatible = "regulator-fixed";
        regulator-name = "vcc-sensa";
        regulator-min-microvolt = <3300000>;
        regulator-max-microvolt = <3300000>;
        gpio = <&gpio1 7 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
        enable-active-high;
        startup-delay-us = <5000>;
    };

    &i2c1 {
        status = "okay";
        pressure@76 {
            compatible = "bosch,bme280";
            reg = <0x76>;
            vdda-supply = <&vcc_sensa>;
            vddd-supply = <&vcc_sensa>;
        };
    };

Mistari miwili ya `-supply` ndiyo iliyokosekana. Namba baada ya @ lazima ilingane na ya `reg`. BME280 hukaa 0x76 au 0x77 kutegemea pini ya SDO imeshikizwa wapi.

Mtego uliowakwamisha wengi uko kwenye `enable-active-high`. Kwa `regulator-fixed`, yaani regyuleta ya volti moja isiyobadilika, kerneli haisikilizi `GPIO_ACTIVE_HIGH` uliyoandika kwenye mstari wa gpio. Inaangalia kama neno `enable-active-high` lipo au halipo. Lisipokuwepo, pini inahesabiwa kuwa ya kinyume: ukiomba kuwasha, inazima. Unaona kila kitu kimeandikwa vizuri na multimita inasoma 0.

Mtego wa pili ni wa hatari zaidi, na unahusu regyuleta zinazobadilika volti, zile zilizo ndani ya chipu kuu ya umeme. Kiwango cha chini na cha juu unachoandika ni mipaka ya bodi, si uwezo wa chipu. Chipu inaweza kutoa kuanzia volti 0.8 hadi 3.4, lakini kama waya wake unalisha kitu cha volti 1.8, andika 1800000 pande zote mbili. Kerneli inakuamini. Ikikuta volti iliyopo iko nje ya mipaka uliyoandika, inaisogeza palepale wakati wa kuwaka na kuandika kwenye dmesg `Bringing` hiki `into` kile. Sifuri moja ikizidi au ikipungua, unaweza kununua bodi nyingine.

Kuna wanaoshauri kumaliza yote kwa kuongeza `regulator-always-on`. Itafanya kazi, tusidanganyane. Lakini neno hilo ni la umeme ambao ukikatwa mashine inaanguka, kama ule wa RAM. Ukilibandika kwenye kila sensa, umeiambia kerneli kuwa kila kitu ni moyo, na haitaweza kuzima chochote bodi ikilala.

Baada ya kuwasha upya, usiamini faili ulilohariri. Soma mti ambao kerneli inautumia kweli:

    dtc -I fs -O dts -o sasa.dts /proc/device-tree

Mara nyingi shida inakuwa kwamba uliandika faili sahihi lakini programu ya kuwashia inapakia .dtb (mti uliokompailiwa kutoka .dts) ya zamani. Kisha, kama root, tazama `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary`: jina la sensa lionekane chini ya vcc-sensa. Usishtuke ukipima volti ukakuta 0 wakati hakuna anayesoma. Draiva ya sensa hii hukata umeme ikikaa bure na kuuwasha ukiomba kipimo, na hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunaitaka tangu mwanzo.

Chumvi nayo ishughulikie wakati wake. Chumba cha barafu pwani kinatoa jasho kila mlango ukifunguliwa; paka vanishi ya bodi, ila kitundu cha sensa kiache wazi.

Shikamooni. Nimenunua laptopu iliyotumika, nimeweka Ubuntu. Nafunga kifuniko usiku betri ikiwa asilimia 90, asubuhi imezima. Ninunue betri mpya?
*Kijana wa duka la steshenari, Ngamiani*

Marahaba. Usinunue kwanza. Linganisha namba mbili:

    cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full
    cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design

Kwenye mashine nyingine yanaitwa `charge_full` na `charge_full_design`. Ya kwanza ni kiasi betri inachobeba leo, ya pili ni ilichobeba ikiwa mpya. Ikiwa chini ya nusu, betri imechoka. Ikiwa asilimia 70 au 80, kosa liko kwenye usingizi.

    cat /sys/power/mem_sleep

Ukiona `[s2idle] deep`, mabano yanaonyesha kilichochaguliwa. s2idle ni kusinzia: programu zimesimamishwa lakini prosesa na vifaa vinabaki na umeme, vikitegemea kujishusha vyenyewe. deep ni usingizi mzito, ule ACPI, kiwango cha kusimamia umeme wa laptopu, inaouita S3, ambapo umeme unabaki kwa RAM na vichache vya kuamshia. Hifadhi kazi zako, kisha jaribu:

    echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep
    systemctl suspend

Ikiamka salama, skrini na Wi-Fi vikarudi, ifanye ya kudumu: fungua `/etc/default/grub`, ongeza `mem_sleep_default=deep` ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, halafu `sudo update-grub`. Isipoamka, bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie mpaka izime, na baki na s2idle.

Neno deep lisipokuwepo kabisa, BIOS haijaitoa. Laptopu za Intel na AMD hazisomi mti wa vifaa; zinasoma majedwali ya ACPI yaliyomo kwenye BIOS, mfumo ulioanzishwa 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kerneli haiwezi kutumia usingizi ambao jedwali halikuutaja. Ingia BIOS utafute chaguo la aina ya usingizi, au sasisha BIOS yenyewe. Mashine nyingi za miaka ya karibuni hazina S3, basi.

Ukibaki na s2idle kwenye Intel, soma `/sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec` kabla na baada ya kulala dakika 10. Namba isipoongezeka, mashine imefunga macho tu, haikulala. Chomoa kila kitu cha USB urudie. Kisha tazama `/proc/acpi/wakeup`, orodha ya vinavyoruhusiwa kuamsha. Kama XHC, yaani USB, ni `enabled`, igeuze:

    echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup

Amri hiyo ni ya kugeuza: ukiipiga mara mbili umerudi ulikotoka. Na ikizimwa mashine, inasahaulika.

Naandika draiva ya pampu ndogo ya maji ya volti 12 kwa mradi wa chuo. Kwenye mti wa vifaa nimeweka volti, pini ya kuwashia, mkondo wa juu wa mota, muda wa kusubiri kabla ya kulala, na kiwango cha maji cha kuiwasha. Msimamizi amekataa mawili kati ya hayo. Yapi, na niyaandike wapi?
*Mwanafunzi, Mikanjuni*

Muda wa kulala na kiwango cha maji. Msimamizi yuko sahihi.

Pima kila sentensi hivi: ukiondoa Linux ukaweka mfumo mwingine, bado ni kweli? Mti wa vifaa haukuzaliwa Linux. Umetoka Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 cha 1994, na leo unasomwa pia na U-Boot, FreeBSD na Zephyr. Pampu ni ya volti 12 bila kujali nani anaiendesha. Lakini kusubiri sekunde 5 kabla ya kuzima ni uamuzi wa mtu, na kesho mwenye tangi anaweza kutaka 20. Ukiuweka kwenye mti, atalazimika kukompaili .dtb ili abadili namba moja. Kama mota inahitaji milisekunde 20 ishike mwendo, hiyo ni tabia ya chuma. Iache kwenye mti.

Kinachobaki kwenye mti kinaandikiwa hati yake ya YAML chini ya `Documentation/devicetree/bindings`. Sehemu yenye uzito ni hii:

    properties:
      compatible:
        const: mradi,pampu-maji
      vcc-supply: true
      enable-gpios:
        maxItems: 1
      mradi,motor-max-microamp:
        description:
          Mkondo wa juu wa mota ikianza kuzunguka.
          Ukizidi, draiva inakata vcc-supply.
        minimum: 100000
        maximum: 3000000

    required:
      - compatible
      - vcc-supply
      - enable-gpios

    additionalProperties: false

(Tumeandika maelezo kwa Kiswahili kwa ajili ya chuo, ukiituma kwenye kerneli rasmi yatakuwa Kiingereza.) Mkia wa jina si pambo. `-microamp`, `-microvolt`, `-ms`, `-us` na `-hz` zinatambuliwa na kikaguzi, kwa hiyo huhitaji kutaja aina ya namba. Volti 12 ni 12000000. Anayeandika 12 au 12000 ndiye anayetuletea barua.

Kwenye maelezo usirudie jina kwa maneno mengine. "Mkondo wa juu wa mota" peke yake hausaidii mtu. Sema kitatokea nini ukizidi, sifa isipoandikwa draiva itachukua namba gani, na mipaka imetoka wapi. Hapo juu tumeacha la pili na la tatu makusudi. Yaongeze wewe, maana draiva ni yako.

Kukagua, sakinisha `dtschema` kwa pip, kisha ndani ya msimbo wa kerneli:

    make dt_binding_check DT_SCHEMA_FILES=mradi,pampu-maji.yaml
    make dtbs_check

Makosa ya kawaida: umetumia tabo badala ya nafasi, `$id` hailingani na jina la faili, kiambishi `mradi` hakijaandikishwa kwenye `vendor-prefixes.yaml`, au mfano wako unatumia `GPIO_ACTIVE_HIGH` bila kuita `dt-bindings/gpio/gpio.h`, na hapo kikaguzi kinalalamika juu ya sintaksi wakati sintaksi haina kosa.

Sasa yale mawili. Muda wa kulala usiutungie faili jipya, kerneli inalo: ndani ya draiva ita `pm_runtime_set_autosuspend_delay()` na `pm_runtime_use_autosuspend()`, na mtumiaji ataukuta kwenye `power/autosuspend_delay_ms` ya kifaa. Namba hasi inazuia kulala. Kwa kuamsha, tumia `pm_runtime_resume_and_get()`. Ile ya zamani, `pm_runtime_get_sync()`, huongeza hesabu ya watumiaji hata ikishindwa. Ukisahau kuipunguza kwenye njia ya makosa, pampu hailali tena mpaka mashine izimwe, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

Kiwango cha maji tungekiacha kwenye programu ya kawaida, nje ya kerneli. Ukishikilia kiwe faili la sysfs, yaani yale yaliyo chini ya /sys, liwe na thamani moja tu, na uliandikie kwenye `Documentation/ABI/testing` kwa vichwa vitano: `What` ni njia kamili ya faili, `Date`, `KernelVersion`, `Contact`, na `Description`. Fikiri kabla ya kulitoa. Watu wakishalitumia kwenye skripti zao, kulibadili jina ni kuwavunjia kazi.

Gavana gani wa CPU anaokoa betri zaidi?
*Msomaji, Pangani*

Baki na `schedutil`. Gavana ni kanuni ambayo kerneli huifuata kuchagua mwendo wa prosesa. Kazi ikimalizwa haraka prosesa inarudi kulala mapema. Kuibana kwenye mwendo wa chini muda wote mara nyingi hakuokoi kitu, maana mashine inabaki macho kwa muda mrefu zaidi. Na ukikuta `powersave` kwenye laptopu ya Intel, usiogope: chini ya draiva ya intel_pstate jina hilo halimaanishi mwendo wa chini kabisa, mwendo unapanda na kushuka kufuata kazi.

Kituo changu cha kupima mvua Muheza kinatumia Raspberry Pi 4 na modemu ya USB, betri ya risasi ya 12 V 7 Ah na sola. Kinazima karibu saa tisa usiku. Nimeandika `mem` kwenye /sys/power/state, haikubali. Nifanyeje?
*Mkulima wa machungwa, Muheza*

Raspberry Pi 4 haina usingizi wa RAM, kwa hiyo usipoteze muda hapo. Piga hesabu. 12 × 7 ni wati-saa 84. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, baki na 42. Kigeuzi cha kushusha hadi volti 5 kikifanya kazi kwa asilimia 85, zinafika kama 36. Pi na modemu zikila wati 4 (pima yako kwa mita ya USB), unapata saa 9. Jua likizama saa kumi na mbili, saa tisa usiku ndiyo hiyo. Mashine yako haina kosa.

Kwenye `/boot/firmware/config.txt` ongeza `dtoverlay=disable-wifi` na `dtoverlay=disable-bt`. Hivi ni vipande vya mti wa vifaa vinavyobandikwa juu ya mti mkuu wakati wa kuwaka, na maelezo ya kila kimoja yamo kwenye faili la README ndani ya folda ya overlays. Vitapunguza kidogo. Nafuu kubwa ni kuzima kabisa kati ya vipimo: ukiamka dakika 5 kila saa, wati 4 zinakuwa wastani wa theluthi moja ya wati.

Kwa Pi 4 endesha `sudo rpi-eeprom-config --edit`, weka `POWER_OFF_ON_HALT=1` na `WAKE_ON_GPIO=0`, vinginevyo inaendelea kula umeme hata baada ya kuzimwa. Lakini ikizima hivyo haijiamshi. Utahitaji saa ya nje yenye kengele, kama DS3231, ambayo pini yake ya INT inaendesha swichi ya umeme. Pi 5 ina saa yake ndani. Pale nayo weka `POWER_OFF_ON_HALT=1`, kisha:

    echo +3300 | sudo tee /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm
    sudo halt

Sekunde 3300 ni dakika 55. Ukirudia kuandika ikakataa, andika 0 kwanza kufuta kengele ya zamani.

Ukiwa hapo, piga `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake tangu iwake volti iliwahi kushuka chini ya 4.63 na prosesa ikapunguzwa mwendo. Mara nyingi ni waya mwembamba kati ya kigeuzi na bodi: ufupishe, au weka mnene. Na modemu ikiwa inapotea yenyewe baada ya kukaa bure, tafuta folda yake chini ya `/sys/bus/usb/devices`, andika `on` kwenye `power/control`. Ikiacha kupotea, tatizo lilikuwa kulazwa. Ikiendelea, rudi kwenye waya.